Peugeot 504 stesheni wagoni inauzwa Chake Chake ikiwa haijamalizika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu watu wajue kuwa gari hii inauzwa, ninaulizwa mambo yale yale kila siku, na mengi hayajibiki vizuri kwa simu. Nimeyaandika majibu yote hapa, mazuri na mabaya, ili mtu asitoke Wete au Unguja kuja kuangalia kitu ambacho sicho alichokifikiria. Tafadhali soma mpaka kwenye swali la kilichobaki kabla hujanipigia. Hapo ndipo utakapojua kama gari hii ni yako au si yako.

Ni gari gani hasa?

Peugeot 504 ya stesheni wagoni, aina ya Familiale yenye safu tatu za viti, ya mwaka 1978, usukani kulia. Peugeot walianza kuitoa 504 mwaka 1968, na stesheni wagoni ikafuata mwaka 1971. Usidhani ni sedani iliyoongezwa kichogo. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma sedani ina mita 2.74, wagoni ina mita 2.90. Na nyuma waliiwekea ekseli nzima ya chuma juu ya springi nne za koili, mbili kila upande, ndiyo maana ilikuwa ikibeba watu saba na mizigo yao bila kulalia kitako.

Hii ilikaa Konde, kaskazini ya Pemba, miaka mingi kwa mzee mmoja, Mungu amrehemu, aliyekuwa akiipakia magunia ya karafuu msimu ukifika, na siku nyengine akiwapakia watoto wa skuli wa jirani bila kuwatoza kitu. Watu wazima wa kaskazini wanaijua.

Inawaka?

Inawaka kwa ufunguo, mara moja, na ikiachwa ikiunguruma haichemki. Lakini haitembei. Naomba uyatenganishe mambo hayo mawili, kwa sababu wengi wakisikia "inawaka" wanaanza kupanga safari.

Ukija kuiangalia utaikuta baridi. Sitaiwasha kabla hujafika, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi: moshi wa buluu wa oili inayovuja kwenye valvu, na ugumu wa kuwaka asubuhi. Anza kwa kuweka mkono wako kwenye boneti. Fanya hivyo kwa gari yoyote unayotaka kuinunua, si yangu tu.

Peugeot yenye injini ya Toyota? Si umeiharibu hiyo?

Hili ndilo ninaloulizwa kwa uchungu zaidi, hasa na wazee, na uchungu wao nauelewa. Gari hizi zina heshima yake Afrika Mashariki. Peugeot 404, iliyotangulia 504, ilichukua mbio za Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam. Kisha 504 yenyewe ikashinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Zilishinda kwa sababu zilikuwa zikifika wakati gari zenye mbio zaidi zimekwama matopeni au zimevunjika.

Lakini tazama hali niliyoikuta. Injini ya asili ni ya silinda nne, cc 1971, na silinda hedi yake ni ya aluminiamu. Kwa miaka rejeta ilikuwa ikijazwa maji ya kisima, na kisima cha karibu na pwani kina chumvi hata kama ulimi hauihisi. Maji yale yameila hedi kwenye njia za maji mpaka karibu na vyumba vya kuchomea mafuta. Ukiweka gasketi mpya juu ya uso ulioliwa hivyo, inaungua tena baada ya muda mfupi. Gari za 504 ziliunganishwa Kenya kwa miaka mingi, kwa hiyo vifaa vilivyotumika bado vinapatikana kule ukiwa na mtu wa kukutafutia. Lakini hedi utakayoletewa nayo ni ya zamani, na huijui ilikunywa maji gani.

Nikachagua 3Y ya Toyota, cc 1998, ya petroli na kabureta, ile ya Hiace na Hilux za zamani. Ukubwa wake unakaribiana mno na wa asili, kwa hiyo bodi haibebeshwi nguvu isiyoizoea. Na hakuna fundi wa Chake asiyeijua. Gasketi, pampu ya maji, sahani ya klachi, distributa, vyote hivyo havikulazimishi kusubiri boti. Kwa gari ya kufanyia kazi Pemba, mimi naona hilo ni kubwa kuliko nembo iliyoandikwa juu ya kifuniko cha valvu.

Ikiwa wewe ni miongoni mwa wanaotaka kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, injini ya asili, giaboksi yake na ekseli yake ya nyuma vyote vipo bandani na vinakwenda pamoja na gari kwa bei ile ile. Hakuna kilichouzwa. Kwenye chumba cha injini sikukata kitu: braketi za 3Y zimefungwa kwa bolti kwenye matundu ya asili. Ilibidi zitengenezwe upya kwa sababu injini ya Peugeot hulala kwa pembe ya digrii 45 na ya Toyota husimama wima.

Basi kilichobaki ni nini?

Nitaanza na kikubwa, na nitakieleza kwa urefu. Fundi wako asipokielewa hiki, usinunue.

Kwenye Peugeot ya asili propela shafti, ule mti wa chuma unaozunguka na kupeleka nguvu ya injini nyuma, huioni. Imo ndani ya bomba la chuma linalotoka nyuma ya giaboksi mpaka kwenye difu, zile gia za katikati ya ekseli ya nyuma. Bomba lile kazi yake si kuikinga na vumbi. Ukikanyaga mafuta, ekseli inataka kujizungusha kinyume na magurudumu. Ukifunga breki, inataka kujizungusha upande wa pili. Bomba ndilo linaloizuia. Sasa ukifunga giaboksi ya Toyota, bomba halina pa kushika, kwa hiyo linatoka, na ekseli inabaki haina kitu cha kuituliza. Hilux haina tatizo hilo kwa sababu imekaa juu ya springi za majani, na majani yenyewe yanaishika ekseli. Springi za koili hazishiki, zinabeba uzito tu. Nimeona gari zilizofungwa propela shafti ya wazi bila kuwekewa kitu badala ya bomba, na kila ikibadilishwa gia unasikia nyuma kunagonga. Hiyo ni ekseli inayotaka kutoka mahali pake.

Kilichofanyika kwenye hii ni hivi. Ekseli ya Hilux na difu yake imeingia. Springi nne za asili zimerudi kwenye viti vyake. Imetengenezwa mikono minne ya bomba nene yenye bushi za mpira miishoni, miwili chini na miwili juu, kushika kazi iliyokuwa ikifanywa na lile bomba, na upo mkono wa tano wa kuzuia ekseli isiyumbe kushoto na kulia. Braketi za mikono ya chini zimechomewa mzima, juu ya vibao vya chuma vilivyoongezwa ili bati la chini lisichanike. Braketi za mikono ya juu zimeshikizwa tu kwa vipande vidogo vya kuchomea. Nimeziacha hivyo kwa makusudi. Pembe ya difu lazima ipangwe gari ikiwa imesimama kwenye matairi yake, ina viti vyote, mafuta na uzito wake wa kawaida. Ukichoma gari ikiwa juu ya jeki, pembe ya difu na ya giaboksi zinapishana, krosi, yaani viungio vya propela shafti, zinatetemeka, na hutaiendesha kwa raha hata siku moja.

Propela shafti nayo haijakatwa, kwa sababu urefu wake unajulikana baada ya kupanga pembe hiyo. Ikishakatwa ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuisawazisha. Kuipima kwa macho haitoshi.

Breki za mbele ni za asili, za diski, zimefunguliwa na kutiwa mipira mipya. Za nyuma ni ngoma za Hilux, nzima, ila paipu ya kwenda nyuma haijapindwa na waya wa breki ya mkono haujatengenezwa. Hapa nina rai: breki zijaribiwe gari ikiwa tupu na ikiwa na mzigo. Ngoma hizi si zile ambazo Peugeot waliipimia gari hii, na breki za nyuma zikikamata kabla ya za mbele, gari hugeuka. Barabara zetu za Pemba ni vilima vitupu, na wakati wa masika mteremko wenye majani ya mikarafuu yaliyolowa unateleza vibaya.

Umeme: taa za mbele, honi, stata na kuchaji betri tayari. Taa za nyuma, indiketa na waipa bado, lakini waya zimeshapitishwa na kila mmoja una kipande cha karatasi kinachosema unakwenda wapi. Geji ya joto haisomi kwa sababu kipimajoto cha Toyota hakiafikiani na geji ya Peugeot. Kitafutwe kifaa kimoja cha kuziunganisha, au iwekwe geji ya pembeni. Ningeweka ya pembeni leo kabla ya kesho, maana injini isiyoonekana joto lake inauliwa kimya kimya.

Ekzosti inaishia katikati ya gari. Viti vyote vipo mpaka safu ya tatu, fremu zake nzima, vitambaa vimechanika. Dari ya ndani haipo. Mpira wa mlango wa nyuma haupo. Vioo vyote vipo na ni vizima, pamoja na vile virefu vya ubavuni nyuma, ambavyo ndivyo vigumu kuvipata kuliko kitu chochote kwenye gari hii. Vimevuliwa, vimefungwa mablanketi, viko ndani ya nyumba, si bandani.

Naweza kuiendesha polepole mpaka kwangu?

Hapana. Wala kuivuta kwa kamba. Haina breki za nyuma na ekseli yake haijashikwa. Inaondoka juu ya lori au haiondoki. Sitakubali vyenginevyo hata ukinilipa zaidi.

Kutu je?

Pemba hakuna pa mbali na bahari, na Peugeot hii haina chesisi ya peke yake chini ya bodi. Bodi na chesisi ni kitu kimoja. Maana yake ni kwamba kutu kwenye vizingiti vya chini ya milango si ubaya wa sura tu, ni udhaifu wa gari nzima. Ukiona stesheni wagoni ya zamani ambayo milango yake ya nyuma haifungiki mpaka uinyanyue, usishughulike na bawaba. Angalia vizingiti, imeanza kukunjika katikati.

Kizingiti cha kushoto kimekatwa chote na kuwekwa bati jipya. Sakafu ya mbele pande zote mbili imebadilishwa. Minara ya mbele inayoshika shokapu ni mizima, na hapo ndipo ningekutaka uangalie kwanza kwa tochi, kwa sababu 504 nyingi hufia hapo. Kizingiti cha kulia hakijaguswa. Kina matundu mawili unayoweza kuyaona na bila shaka mengine usiyoyaona. Bati lake limeshanunuliwa na limo kwenye gari. Ukingo wa chini wa mlango wa nyuma pia umeliwa.

Hakuna puti popote iliyowekwa kufunika tundu. Njoo na sumaku uipitishe bodi nzima. Puti utaikuta nyembamba kwenye ubavu wa kulia palipokuwa na mbonyeo, na sumaku itashika hata hapo.

Jambo moja la haraka kwa atakayeinunua: sehemu zilizotengenezwa zimepigwa praima tu. Praima inanyonya unyevu, na unyevu wetu una chumvi. Imekaa salama kwa sababu gari iko ndani, juu ya sakafu ya saruji, haipigwi na mvua wala upepo wa kusi. Ukiipeleka ukaiweka chini ya muembe kusubiri pesa za rangi, ndani ya masika moja utaona madoa mekundu yanatokea chini ya praima, na itabidi ukwangue mpaka kwenye chuma. Kama hutaweza kuipaka rangi mapema, angalau ipitishwe rangi yoyote ya mafuta ya kuizuia maji.

Imetembea kilomita ngapi?

Siwezi kukuuzia kilomita. Injini imetoka kwenye gari nyengine, na waya wa spidomita wa Peugeot hauingii kwenye giaboksi ya Toyota, kwa hiyo namba unayoiona kwenye dashibodi ni ya gari ambayo haipo tena. Fundi wako apime mgandamizo wa silinda zote nne. Hicho ndicho kipimo. Plagi zitafunguliwa mbele yako.

Kama ni nzuri hivyo, kwa nini huimalizi mwenyewe?

Banda nililoazimwa linatakiwa na mwenyewe, na pesa zote sasa zinakwenda kwenye paa la nyumba ya mama. Gari hii sikuichoka. Ningekuwa na mahali pa kuiweka isingeuzwa, lakini naijua hatima ya gari iliyotolewa nje ikifunikwa turubai: inafugiwa kuku, kisha inauzwa kwa kilo. Bora iende kwa mtu mwenye banda na hamu.

Bei?

Shilingi milioni 6 na laki 5, kila kitu ndani yake: gari, vifaa vya asili, bati, mikono ya ekseli, masanduku ya nati na bolti, na daftari lenye picha na vipimo vya kila hatua.

Nimeipataje bei hiyo? Nimechukua vitu ambavyo mtu mwengine angelazimika kuvinunua: injini na giaboksi inayofanya kazi, ekseli na difu, bati, vifaa vya breki, matairi manne. Nikaongeza thamani ya bodi iliyokamilika vioo na viti. Nikapunguza kazi iliyobaki, kwa makisio ya mafundi wawili wasiojuana. Kazi ya mikono yangu sikuihesabu. Risiti zangu zinaipita bei hii, lakini gari ya nusu njia hailipwi gharama kamili. Mnunuzi ndiye anayebeba hatari ya yale ambayo hayajaonekana, na ni haki yake kulipa kidogo kwa hilo.

Bei ya mwisho ni ngapi?

Kwa simu haipo. Ukija, ukalala chini ya gari, ukanionyesha jambo ambalo sikuliandika hapa au nililiona dogo nalo ni kubwa, tutapunguza bila ya ugomvi. Aliyewahi kuja alinionyesha bushi moja iliyokatika, na nilimshukuru. Imeshabadilishwa. Lakini ukiniambia "nipe milioni 3 nije na pesa mkononi" kabla hujaiona, sina jibu.

Nauziwa injini peke yake? Nina Hiace imekufa.

Samahani sana, hapana. Nakuelewa, na najua 3Y nzima ina soko lake. Lakini ikishatolewa injini, wa pili atataka ekseli, wa tatu milango, na kitakachobaki ni bodi ambayo hakuna atakayeimaliza. Vioo vile virefu vitavunjika wakati wa kuhamisha, na stesheni wagoni nyengine ya kuvitolea Pemba hii siioni. Inauzwa nzima au haiuzwi.

Unabadilishana na kitu? Vespa, shamba, boti?

Hapana. Paa linataka pesa.

Nikulipe kidogo kidogo?

Arbuni inakubalika, malipo ya miezi hayakubaliki. Utatoa arbuni tutakayokubaliana, tutaandika karatasi mbele ya mashahidi wawili na sheha wangu, na gari itakusubiri mwezi mmoja. Ukishindwa, nitakurudishia arbuni yako yote gari ikishapata mtu mwengine. Mimi nikiiuza kwa mwengine ndani ya mwezi huo, nakurudishia siku ile ile. Wapo wanaosema arbuni ikitolewa imekwenda. Mimi sipendi kula pesa ya mtu ambaye hakupata kitu.

Kadi ipo? Nani mwenye gari kisheria?

Kadi ipo, kwa jina langu. Niliinunua kwa warithi, na mirathi ilipita Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kabla ya mimi kulipa hata shilingi. Nakala za karatasi hizo utapewa. Nalisisitiza hili kwa mtu yeyote anayenunua gari ya marehemu hapa kwetu, hata kama si hii: usinunue kwa mtoto mmoja anayesema ndugu zake wamekubali. Ndugu wa Oman anaweza kurudi baada ya miaka na akawa na haki.

Namba ya chesisi kwenye kadi ni ile iliyogongwa kwenye bodi. Tutaisoma pamoja. Namba ya injini kwenye kadi ni ya injini ya asili, ile iliyo bandani. Ya 3Y iko kwenye risiti niliyonunulia, nayo ni sehemu ya mauzo. Gari ikimalizika, mwenye gari ataipeleka ikakaguliwe na kubadilisha namba ya injini kwenye usajili wa vyombo vya moto, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, na risiti hiyo ndiyo itakayomtetea. Usiitupe. Uhamisho wa jina tutaufanya mimi na wewe siku ya malipo ya mwisho. Sikuachii kadi yenye jina langu ukaondoka nayo, na wewe usikubali kuondoka hivyo kwa mtu mwengine yeyote, maana gari ikifanya ajali anatafutwa aliyeandikwa.

Niko Unguja. Itanifikiaje?

Lori kutoka Machomanne, hapa Chake Chake ilipo gari, mpaka bandari ya Mkoani, kama kilomita 30, kisha meli inayobeba magari mpaka bandari ya Malindi, Unguja, gari ikiwa bado juu ya lori. Gharama ni za mnunuzi, lakini kuipakia nitasimamia mwenyewe na nitaleta watu wa kusukuma. Ifungwe kwa ekseli ya mbele na kwa vibao vya chini, si kwa mikono ya nyuma. Vioo visafiri peke yake, ndani ya boti ya abiria ikiwezekana, mikononi mwa mtu.

Na mimi wa Bara?

Unakaribishwa, lakini fanya hesabu kwanza. Gari yenye namba ya Z haigeuki kuwa ya T kwa kubadilisha kibao. Kuna taratibu za forodha, na TRA ndio wa kukuambia utalipa nini kwa gari ya umri huu. Waulize kabla hujanipa arbuni, si baada.

Nikigundua kasoro baada ya kununua?

Ipo hadithi aliyoipokea Hakim bin Hizam, kwamba muuzaji na mnunuzi wana hiari maadamu hawajaachana, na kwamba wakisema kweli na kubainisha, wanabarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka inaondoka. Ukurasa huu nimeuandika kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo: kama ni kasoro niliyoijua na sikuitaja, rudi, na mashahidi wale wale wakae, nitakulipa au nitaichukua gari. Kama ni kitu kilichotajwa hapa, au kilichovunjika wakati wa kuimalizia, hicho ni chako. Tutaiambatanisha orodha ya kasoro kwenye mkataba, na tutaitia saini sote wawili.

Mimi ni dalali, nina mteja.

Mlete mteja. Ujira wako nitakupa mimi, tukiwa tumeukubali kabla, na bei atakayoisikia mteja ni hii iliyoandikwa hapa. Ukimwambia nyengine, biashara imevunjika.

Fundi gani anaweza kuimaliza?

Ukiwa Pemba, nitakukutanisha na waliofanya kazi mpaka sasa: mchomeaji, fundi umeme, na aliyekereza bushi. Wanaijua na wako tayari kuendelea. Ukiwa na fundi wako, mlete kabla ya kununua, umwambie akueleze kwa maneno yake kwa nini bomba la propela lilitolewa na ni nini kilichochukua nafasi yake. Akisema "tutaona mbele kwa mbele", mtafute mwengine. Umri wa fundi haujalishi. Vijana wa mafunzo ya amali waliokuja kutazama waliuliza maswali mazuri kuliko mafundi wengine wa zamani.

Utaratibu ningeufuata huu: kizingiti cha kulia kwanza, kwa sababu bodi ikiwa dhaifu vipimo vyengine vyote vitahama. Kisha viti na mafuta ndani, gari chini, pembe ya difu, mikono ya juu ichomewe. Kisha propela shafti, breki, umeme. Rangi mwisho, na vioo baada ya rangi. Watu hupenda kuanza na rangi kwa sababu inatia moyo, halafu mchomeaji anakuja kuichoma.

Nikija kuangalia, nije na nini?

Fundi, tochi, sumaku, nguo za kulala chini, na kipima mgandamizo kama fundi anacho. Jeki na stendi zipo. Niambie siku moja kabla ili nisiiwashe. Ijumaa sipo mpaka baada ya sala. Siku nyengine niko bandani kuanzia alasiri mpaka karibu na magharibi, na kama umetoka mbali, chakula kipo.